Sura ya Mratibu

Lugano aliposhuka stendi ya Kyela akiwa na kofia moja, tai moja na njaa ya siku nzima, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ukuta wa ghala la mzee Ebeneza: mrefu, mweupe, hauna hata tangazo la mganga. Wengine wangeona ukuta. Yeye aliona magunia ya mchele yakipanda lori.

Kufikia saa nne alikuwa ameshafunga tai na kuwa Mratibu wa Mradi wa Sanaa ya Mtaa.

"Ugonile, baba," alimsalimu Ebeneza. Kinyakyusa chake kiliishia hapo. Alizaliwa Ipyana, hapo hapo Kyela, ila alipelekwa Dar akiwa bado wa kubebwa mgongoni. "Tunachora sura za watu mashuhuri wa mtaa huu wa Bondeni. Mchango ni gunia la mchele."

"Mashuhuri akina nani?"

"Mimi mgeni, baba. Kila niliyemuuliza amekutaja wewe."

Ebeneza alikohoa kwa unyenyekevu, akatoa ukuta, akaahidi magunia mawili ili achorwe na suti. Jubilate, mnunuzi wa kakao, aliahidi matatu ili kichwa chake kizidi cha Ebeneza kwa shubiri moja. Mama Diana wa mgahawa alitaka apunguzwe mashavu. Ndani ya siku mbili Bondeni nzima ilikuwa mashuhuri.

Lugano alikusudia kutoweka na mchele kabla ya mchoro wowote, lakini watu wa Kyela si watoto. "Sura kwanza," walisema, "mchele utafuata."

Naye hajui kuchora hata mbuzi. Ndipo sokoni akamkuta Atupele, Mkisi wa Matema, akiuza vyungu alivyovipamba kwa udongo mwekundu na mweupe. Akamwahidi gunia akimchorea ukuta.

"Rangi hizi unanunua wapi?"

"Sinunui. Nachimba kwetu ziwani. Ila chungu nikishakipaka nakichoma. Ukuta huo tutauchomea wapi?"

Lugano alicheka mpaka akashika kofia isianguke. "Wewe paka tu, dada."

"Haya. Nimeshasema."

Alipaka siku tatu za jua kali. Watu walileta mabenchi. Ebeneza alipita mbele ya sura yake mara nne kila asubuhi, akijifanya anakagua mfereji.

Nafasi moja ikabaki katikati. "Na mratibu je?" Atupele aliuliza.

Tapeli mwenye akili haachi picha, na Lugano alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini katika miji yote aliyopita hakuna aliyewahi kutamani kuiona sura yake tena, na jambo hilo lilimuuma. Akavua kofia, akakaa.

"Mimi nipake rangi ya dukani, ya mafuta," alisema. "Nidumu." Akainunua kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Atupele alimchora na pengo lake, kovu la kwenye nyusi na kicheko chote. Machozi yalimlenga Lugano.

Jumamosi mchele ukapakiwa. Atupele alipodai gunia lake akaambiwa arudi Jumatatu. Aliitazama milima, ikiwa imejaa mawingu, akashukuru, "Ndaga," akaenda kukaa barazani. Lori likaelekea Njisi, mpakani.

Saa saba mvua ikashuka. Mashavu ya Mama Diana yaliteremka kwanza, yakafuatwa na suti ya Ebeneza. Kichwa cha Jubilate kiliingia mtaroni kikiwa bado kikubwa kuliko vyote. Ilipokatika, ukuta ulikuwa mweupe tena, na katikati mtu mmoja anacheka, ameoshwa akang'aa. Kila mmoja akatoa simu yake, akaipiga picha sura hiyo, akaituma.

Njisi, Lugano alikuwa anakula ugali na samaki. Dada wa mgahawa aliitazama simu, akamtazama yeye, akaitazama tena simu.

"Kaka, hebu cheka kidogo."

Akacheka, hakuwa mtu wa kumnyima mwanamke kitu kidogo.

"Ni yeye," dada aliwaambia vijana wa bodaboda, ambao walikuwa wameshakaa juu ya magunia.

Sasa ukuta unachorwa upya kwa rangi ya mafuta. Atupele amepewa magunia matatu, na Lugano anashika ngazi na kukoroga makopo mpaka kila sura irudi. Jubilate alitaka ile ya katikati ifutwe.

"Huyo mwacheni," Atupele alisema. "Ndiye pekee aliyenunua rangi."

Basi kila asubuhi waendao sokoni husimama, huusalimu ukuta, "Ugonile, Mratibu," na kumpita mshika ngazi bila kumtazama. Lugano huitikia kwa niaba ya wote wawili.