Majike wa Daktari Jenista

Jumatatu, 4 Novemba. Nanyala.
Daktari Jenista amefika shuleni kutoka chuo kikuu. Anachunguza mayai yanavyokua ndani ya mjusi jike. Anataka majike, na anataka msaidizi wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Mimi ni kibarua wa maabara tangu mwanangu Tukuswiga hajazaliwa, na sasa yuko darasa la tatu. Kazi hii ni yangu. Boazi mlinzi naye ameomba. Hajui hata kushika darubini. Mimi naifuta vumbi kila Ijumaa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekamata saba, vichwa vya buluu vinang'aa. Urembo ule ni wa kike, nani asiyejua? Daktari amesema wote madume. Jike ni yule wa rangi ya udongo. Boazi amecheka mpaka kofia ikaanguka.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimeleta kumi wa rangi ya udongo. Yupi ana mayai? Hapo akili ya mkulima ikafanya kazi. Kahawa tukishavuna tunaimwaga kwenye maji: nzito inazama, mbovu inaelea. Nikajaza karai, nikawamwaga.

Tisa waliogelea, wakaruka ukingo, wakakatiza kikao cha walimu. Mmoja alizama. Nikashangilia: huyu ana mayai! Alikuwa amekufa.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alimpasua taratibu, akaniita nitazame. Ovari mbili, kushoto na kulia, zimejaa vipunje: vingine vidogo, angavu kama maji, vingine vyeupe, vinne vikubwa vya njano. Akaeleza kuwa chakula cha kiini hutoka kwenye ini, damu hukibeba, yai hujaa siku baada ya siku, kisha hushuka kwenye mrija kuvaa ganda.

"Huyu alibakiza kama wiki mbili tu atage, Sadoki," alisema.

Niliona aibu sana. Nimemzika nyuma ya maabara.

Jumamosi, 9 Novemba
Boazi ameleta jike mmoja tu, na karatasi inayoeleza alimkuta wapi na saa ngapi. Mjanja! Jike ametaga mayai sita mchana huohuo. Daktari anakwenda Ivuna siku nne, na anakwenda na Boazi. Nililia kidogo chooni.

Kisha akaniita. Hajaamua bado. Ameniachia mayai yale kwenye mchanga. Akiyakuta hai, kazi ni yangu. Ameweka alama ya penseli juu ya kila yai na kusisitiza yasigeuzwe, kwani kitoto hujishika upande wa juu, na yai likigeuka hufa.

Jumapili, 10 Novemba
Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi maabara. Mayai yametulia mno. Daktari ni msomi, sikatai, lakini kati yetu nani amekua na kuku? Kuku hugeuza mayai yake kila siku, joto lifike pande zote. Nimeyageuza yote sita, polepole, kwa upendo. Zile alama nimezifuta kwa kitambaa cha sabuni, mgeni asikute mayai yamechorwachorwa. Mke wangu Tumpale amefurahi, ameshaanza kuulizia sare mpya ya Tukuswiga. Kesho nitayageuza mara mbili. Boazi, utajua hujui!