Rambirambi Zangu Zimesomwa Mwimbi

Leo nimeaibika kaburini. Sio sokoni, sio harusini. Kaburini, mbele ya watu wanaolia. Nimerudi Sumbawanga sasa hivi, viatu bado vina udongo, nawaandikia kabla hamjasikia kwa wengine (maana mtasikia tu).

Mnajua nafanya kazi masijala, kwenye kampuni ya kununua mahindi. Wanunuzi wetu wa ng'ambo ya mpaka bado wanataka faksi, karatasi yenye saini na muhuri. Zamani mashine ilikuwa moja, pale koridoni, na tarishi alikuwa Mzee Gaudensi. Faksi ikiingia anaichukua, anainyoosha, anakuletea mpaka mezani. Mwaka jana wakaleta programu. Faksi sasa inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya mhusika. Laini ikiwa bize inarudia yenyewe mpaka ipokelewe. Unatuma kwa watu thelathini kwa mpigo, na jina la kila anayepokea inalijaza yenyewe kwenye barua. Nakala inatunza. Mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia, na mimi ndiye niliyemwonyesha mzee. Akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Sasa mwanangu, mimi nitabeba nini?" Nikacheka. Mwezi uliofuata wakamstaafisha, akarudi kwao Mwimbi.

Juzi amefariki.

Mkewe, Mama Filbeti, alinipigia simu mwenyewe. Hakuomba gari, hakuomba sanduku. Alisema, "Ofisi ije iseme neno. Miaka yote ile aliyowatumikia, waseme neno watu walisikie." Huku kwetu mtu akizikwa bila neno la kazini kwake, anaonekana alikuwa kibarua wa kupita. Nikamwahidi.

Asubuhi bosi akaniambia, "Oliva, andaa rambirambi nisaini, gari linaondoka." Mtu mwenye akili zake angekaa akaandika mistari mitatu. Mimi nina programu bwana! Nilishatengeneza humo barua ya rambirambi ya kila msiba, ina "mchapakazi", ina "pengo lisilozibika", imebaki nafasi ya jina tu. Nilidhani itaniuliza jina la marehemu. Haikuuliza. Nikajitumia mwenyewe ili niichape, dereva anapiga honi, bosi akasaini bila kusoma (naye ana lake), nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaibandika gundi.

Mwimbi palikuwa na upepo na baridi ya kutetemesha meno. Tukazika. Mashada yakawekwa. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba zinafuata salamu kutoka kazini kwa marehemu. Nikampelekea bahasha kwa mikono miwili, najiona mtu. Mama Filbeti alikuwa amekaa kwenye mkeka, kainamisha kichwa tangu asubuhi. Hapo akakiinua. Akasogeza khanga sikioni ili asikie vizuri.

Mwenyekiti yule ni katekista pia, anasoma kama somo la Jumapili, neno kwa neno. "Uongozi wa kampuni umepokea kwa majonzi makubwa taarifa ya kifo cha ndugu yetu mpendwa, Oliva Kapele."

Mimi nilikuwa nalia kwa kwikwi. Nikaendelea kulia kidogo kabla sijang'amua kwamba najililia mwenyewe.

Mwenyekiti hakuishia hapo (karatasi yenye muhuri haikatishwi katikati). Oliva alikuwa mchapakazi. Oliva alikuwa mcheshi. Oliva ameacha pengo lisilozibika. Alipomaliza akainua macho, akauliza, "Samahani ndugu wafiwa, huyu Oliva ni nani?"

Dereva wetu, asiye na haya, akaninyooshea kidole. "Si huyo hapo."

Watu wote wakageuka. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Vijana waliokuwa wameshika majembe wakaziba midomo kwa kofia, mabega yanacheza. Mimi mwenyewe kicheko kikanipanda, Mungu anisamehe, kicheko cha aibu kile kisichozuilika.

Mama Filbeti akaniangalia. Hata sauti hakuipandisha. "Mwanangu, kwani huko ofisini hakuna aliyemjua?"

Nimewahi kusutwa, ila hivyo sijawahi. Miguu ilikuwa inaniambia nikimbilie garini. Nikabaki, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusema.

Nikasema bila karatasi. Nikasema mzee hakuwa msomaji mzuri, lakini faksi hakuwahi kuipeleka meza isiyo yake. Kwamba karatasi yenye habari mbaya hakuitupa mezani akaondoka, alisimama kando mpaka umalize kuisoma. Siku habari ya msiba wa baba yangu ilipoingia kwa faksi kutoka tawi letu la Mpanda, alinivutia kiti kwanza, nikakaa, ndipo akanipa. Nikasema pia kwamba siku aliyoniuliza atabeba nini mimi nilimcheka, na sikuwahi kumwomba radhi.

Mama Filbeti akaitikia kwa kichwa. "Ndiye huyo," akasema. "Sasa niandikie hayohayo."

Nikaigeuza ile barua, nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya mwenyekiti, nimeiegemeza kwenye mgongo wa dereva (angalau naye akafaa kwa kitu). Nimekosea maneno mawili, nikayakata. Jina la mzee nimelirudia mara tatu. Mama Filbeti hakusoma, aliikunja tu akaifunga kwenye pindo la khanga.

Bosi amepiga simu mara mbili anauliza mambo yamekwendaje. Sijapokea. Na nyie chonde chonde, asinicheke mtu leo. Rambirambi nimeshasomewa, na marehemu hachekwi.