Alama za Meno Kwenye Kalamu

Ijumaa, tarehe 4 Machi

Nimeipata! Miaka ishirini tangu tuondoke Baghdad, na leo nimeikuta hapa Amman, soko la Ijumaa, juu ya shuka la muuza vyuma chakavu. Kalamu yangu ya wino. Nyeusi, kifuniko cha fedha kilichofifia, alama za meno mwishoni. Nilikuwa nikiitafuna nikitunga maswali ya mtihani wa historia. Nimelipa bila kupatana bei.

Kosa langu: niliionyesha mkahawani. Abu Shakir, aliyekuwa mkaguzi wa shule zetu kule, akaigeuzageuza na kusema ni yake, iliibwa mwaka wa vita. Eti meno yale ni yake. Nikapendekeza kila mmoja aing'ate, tulinganishe. Tukatazamana. Sote tuna meno ya bandia. Yale yaliyoitafuna yameng'olewa siku nyingi, mengine Baghdad, mengine hapa.

Jumamosi, tarehe 5 Machi

Kwa Hrant, fundi wa kalamu. Mpira wa ndani unaonyonya wino umekuwa vipandevipande. Ataweka mpya. Nikamnong'oneza aniandikie cheti kwamba kalamu hii ni ya mwalimu wa historia. Akajibu kwamba yeye hutengeneza kalamu, ushahidi hatengenezi.

Lakini kasema jambo la maana. Ncha ya kalamu ya zamani hulika upande, ikifuata mkono wa mwenyewe, kama kisigino cha kiatu. Mwenyewe akiandika nayo, haikwaruzi. Kesi imekwisha! Nimemwalika Abu Shakir nyumbani Alhamisi, aje kuaibika.

Jumatatu, tarehe 7 Machi

Sielewi. Hrant aliilaza ncha kwenye gilasi ya maji ili wino mkavu utoke. Nilitarajia bluu, wino wangu. Abu Shakir alitarajia kijani, wino wa wakaguzi. Maji yametoka mekundu.

Mekundu! Wino wa kusahihishia madaftari. Mimi sikusahihisha hata siku moja kwa kalamu hii. Kusahihisha kuliniumiza kichwa; nilimwachia mke wangu Nahida, jioni, akishamaliza vyombo. Nikasema huenda ni kutu. Hrant kasema ncha ni ya dhahabu, na dhahabu haishiki kutu. Basi ni mtu fulani wa sokoni aliyeitumia. Nimeyamwaga kabla Abu Shakir hajayaona.

Jumatano, tarehe 9 Machi

Mazoezi ya siri ya kuandika nayo. Inakwaruza. Nikaliinamisha daftari. Inakwaruza. Nikajiinamisha mimi. Shingo imekataa kurudi mahali pake. Nahida kauliza natafuta nini chini ya meza. Nimesema pete.

Alhamisi, tarehe 10 Machi

Abu Shakir kaandika jina lake. Karatasi imechanika. Raha iliyoje! Nikaandika langu. Tundu kubwa zaidi. Tukailaumu karatasi. Tukakubaliana kwamba karatasi ya Baghdad ilikuwa karatasi kweli, kisha tukaanza kugombana upya.

Nahida akaingia na chai.

"Watu wazima nyinyi, mnagombea kijiti? Hebu nione kama kina wino."

Akaandika akiwa amesimama, sinia kwenye mkono wa pili: Vizuri. Ongeza bidii. Kalamu iliteleza kama imepakwa mafuta. Hata sauti haikutoa.

Abu Shakir akaisogelea karatasi mpaka miwani ikaigusa.

"Abu Layth," akasema taratibu, "mwandiko huu naujua. Ndio wa madaftari ya wanafunzi wako, niliokusifia wizarani miaka yote ile."

Nikamshukuru. Yeye akasimama, akamwomba Nahida radhi, sijui kwa kosa gani. Hajawahi kumkosea kitu. Akasema kalamu si yake, akaondoka bila kunywa chai. Nahida alibaki ameishika karatasi. Nimemuuliza kama kuna biskuti. Hakunisikia.

Ijumaa, tarehe 11 Machi

Ushindi! Mkahawa mzima umesikia: Abu Shakir amesalimu amri. Kalamu imetoka nyumbani kwangu, mkaguzi mwenyewe ameshuhudia. Kitu kimoja cha kwetu kimerudi mikononi mwangu.

Bado inakwaruza kidogo. Kesho nampelekea Hrant aisugue ncha mpaka ule ulikaji uishe, ifuate mkono wangu.

Nahida ameniomba aandike nayo jioni hii, kabla haijasuguliwa. Nimemweleza kwa upole kwamba kalamu ya wino haiazimwi. Huharibika ikizoea mkono usio wake.