Namba Zilizoingia kwa Mama

Jumatatu, 9 Oktoba
Wiki ya saba kazini, na barua pepe ya ofisi bado haijafunguka kwenye kompyuta yangu. Hakuna anayejua. Kila asubuhi programu inaniuliza nenosiri. Naandika. Inakataa. Nafunga dirisha kwa utulivu na kupanga karatasi. Barua nazisomea begani kwa Quansah, karani mwenzangu, nikijifanya natafuta kalamu. Mpango mzuri sana.

Leo Quansah kageuka ghafla. Kauliza kama kalamu zote za Takoradi zinazaliwa mezani kwake. Kisha, kama mtu anayezungumzia mvua, akasema makao makuu Accra wametutumia barua za kuthibitishwa kazini, kila mtu na yake, zijibiwe humo humo kwenye barua pepe kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyejibu ameacha kazi kwa hiari yake. Yeye keshajibu. Nikasema hata mimi.

Uongo mmoja tu. Kwa Jumatatu si haba.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimekisia nenosiri mara tano. Akaunti imefungwa! Nikajifungia stoo ya karatasi, nikampigia Nii Lante, fundi wa kompyuta wa Accra. Alikuwa anatafuna. Akasema jambo dogo, bwana: bonyeza "nimesahau nenosiri", utaletewa namba kwenye simu, uiandike kabla ya dakika kumi.

Nikabonyeza. Simu kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nii Lante akatazama kwake: namba zinakwenda kwenye simu inayoishia na 77.

Ya Mama! Yuko Elmina!

Nimekumbuka. Siku ya kujaza fomu ya ajira nilifikiri kwa makini. Simu yangu inaweza kuibwa. Ya Mama imefungwa kwenye pindo la kanga, kiunoni, na tangu ainunue hakuna mwizi aliyethubutu. Bado naona nilifikiri vizuri.

Njia nyingine ni fomu ya mabadiliko yenye sahihi ya Madam Essuman, mkuu wetu. Madam Essuman! Aliyewahi kumrudisha mtu nyumbani akabadilishe soksi! Nitampigia Mama.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimebonyeza tena, nikampigia. Nimemwomba anisomee namba iliyoingia. Akasema redio inatangaza kila asubuhi: usimsomee mtu namba iliyokuja kwenye simu yako, hata akijiita mwanao.

Nikasema, lakini Mama, mimi ni mwanao kweli.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Akanitahini. Nikiwa darasa la nne nilitumbukia wapi? Nikajibu: kwenye pipa la unga wa mahindi wa kupikia madonge ya kenkey. Akasema hilo Elmina nzima inalijua, hata wezi. Akakata.

Baada ya dakika mbili akapiga kuniuliza kama nimekula. Kumbe ananijua! Nikaomba namba tena. Akakata tena.

Angalau ni mzima wa afya.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mpango mpya, wa hakika. Mama aje ofisini. Aone uso wangu kwa macho yake, asome namba kwa kinywa chake, aende zake. Amekubali kufika kesho saa nne asubuhi, Madam akiwa bandarini kukagua mbao. Quansah nimemwambia atapita muuza kenkey. Akataka kujua kama ana samaki wa kukaanga.

Kila kitu kimepangwa. Nimepiga pasi mashati mawili, la pili la akiba kwa ajili ya jasho.

Ijumaa, 13 Oktoba
Saa nne hakuna Mama. Saa saba hakuna Mama. Kenkey ilikuwa haijaiva, na haendi mahali mikono mitupu! Saa nane Madam akarudi. Saa kumi na robo Mama akaonekana getini, kavaa nguo ya kanisani, beseni kichwani. Nikabonyeza pale pale ili kuokoa muda. Nikaisikia simu ikilia kiunoni mwake.

Lakini anayeingia husalimu kwanza, akianzia mkono wa kulia, kiti kwa kiti. Tuko kumi na mmoja. Kila mmoja akaulizwa na habari za kwao. Alipofika kwa mtu wa saba, namba ikafa.

Akapewa kiti. Akaletewa maji. Nikabonyeza tena. Kiuno kikalia. Hapo Madam akatoka ofisini kwake, akaketi mbele ya Mama, akamuuliza ujumbe wake, yaani kilichomleta, kama mgeni anavyostahili kuulizwa. Na Mama akajibu kama ujumbe unavyostahili kujibiwa: kwanza kwao Elmina kwema, halafu afya ya shangazi, halafu safari, halafu tairi lililopasuka njiani. Namba ya pili ikafa kwenye tairi.

Ndipo akafika penyewe. "Huyu hapa anasema ni mwanangu, na anataka namba zangu."

Quansah akalalia meza kwa kucheka. Madam akanitazama. Natamani sakafu ipasuke! Nikaeleza yote, hata kalamu. Mama akasikiliza, kisha akatamka kwamba namba hampi mtu yeyote, isipokuwa mama huyu aliyemkaribisha kwa maji.

Madam akakaa kwenye kiti changu. Akabonyeza mwenyewe. Mama akamnong'oneza sikioni. Madam akaandika kwa vidole viwili. Saa kumi na dakika arobaini na nane ikafunguka. Barua mia nne na kumi na mbili, hakuna hata moja iliyosomwa.

Madam akauliza nilikuwa nafanyaje kazi.

"Kwa bega langu, Madam," akasema Quansah, kenkey mdomoni.

Madam kacheka! Sikujua ana mwanya. Akasema jibu barua yako upesi, na Jumatatu namba ya simu iwe yako. Nikajibu zikiwa zimebaki dakika nne.

Mama kaondoka na beseni tupu. Kasema sasa anaamini ni mimi, ila nimekonda.

Jumatatu, 16 Oktoba
Karani kamili! Nii Lante ameweka namba yangu mwenyewe. Barua zinaingia zenyewe.

Mchana Mama akapiga. Zile namba mbili zilizokufa Ijumaa alizigawa tarakimu mbili mbili, akazicheza bahati nasibu ya Jumamosi. Mbili zimeshinda! Akauliza, kwa adabu sana, mashine yangu itasahau tena lini.

Nikamweleza kirefu, kama mtu aliyesoma, kwamba hivi vitu havihusiani kabisa. Akasema haya, baba. Akauliza kama nimekula. Kwa ile sauti yake ya kuomba bila kuomba.

Nikafikiri kwa makini. Simu yangu inaweza kuibwa wakati wowote. Nikaingia kwenye akaunti, nikarudisha namba ya Mama. Nikakosea nenosiri mara tano, kwa makusudi. Akaunti ikafungwa. Nikabonyeza. Mama kanipigia kusema imeingia, na ni nzuri, ina saba mbili.

Quansah anasema Accra wametuma barua nyingine, ijibiwe kabla ya Alhamisi.

Nakwenda kutafuta kalamu.