Mashine Isiyojua Kugombana

Kinampanda,
Iramba.

Ndugu Meneja wa Duka la Vyombo Heri, Kiomboi,

Natumaini u mzima na biashara inakwenda. Mimi ni Martina, mjane, mkulima wa alizeti na mteja wako wa miaka mingi. Nakuandikia kwa heshima, ila nimechukizwa mno.

Kwanza. Juzi nilileta jagi la umeme lililogoma kuchemsha maji. Nilivaa kitenge kipya, na njia nzima nilipanga maneno nyuma ya bodaboda, hata dereva akawa ananiongezea. Nafika kaunta, muuzaji wako Gervas hayupo! Pamewekwa mashine ya akili mnemba yenye sauti ya mwanakwaya. Kabla sijafungua mdomo ikasema, "Pole sana mama, tumekubali. Chukua jipya." Maneno yangu nikarudi nayo nyumbani, yamenijaa tumboni kama maharage mabichi.

Pili. Kesho yake nilirudisha lile jipya, zima kabisa, nipate walau kukataliwa. Ikanijibu, "Asante kwa kutuamini." Jamani!

Tatu. Habari zimeenea. Jirani yangu Dorkas amerudisha sufuria alilonunua duka jingine, limepokelewa. Mumewe, Paschal, akauliza kama mnapokea mama mkwe. Mashine ikamwomba aeleze kasoro zake. Bado anaeleza, na foleni imefika barabarani.

Gervas hakuwa hivyo. Angeniuliza, "Kwani mama, ulisongea ugali kwenye hili jagi?" Nami, "Umeniuzia maiti, sasa unataka nigharamie na mazishi?" Watu wanacheka, ananivutia kiti, tunaendelea. Tangu mume wangu afariki, hakuna mwingine anayenibishia. Wanangu kila kitu ni "Sawa mama."

Kwa hiyo naomba mashine ifundishwe ubishi, au iondolewe kabisa na Gervas arudi kaunta.

Nisalimie mkeo, wanao, mlinzi wa getini, na yeyote anayenikumbuka hapo dukani.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu zake,
Martina Simeoni

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Gervas ameingia uani na pikipiki. Kumbe mashine imempanga awatembelee wateja wanaorudisha vitu sana, na mimi ndiye ninayeongoza! Amekaa jikoni, anasema chai yangu haina majani. Nimemwambia ulimi wake ndio mbovu. Jua limezama, bado tunabishana. Ndugu Meneja, mashine isiguswe. Kesho naleta pasi. Sijajua ina tatizo gani, ila nitalipata.