Kila Mtu Anaazima Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema na habari mbaya zimekuja kwenye kikao kimoja. Njema: Madam Korkor anafungua ofisi Kumasi na anatafuta mkuu wa kuiendesha. Mbaya: alipotamka neno "mkuu" alimtazama Dzifa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu zaidi! Nilikuwa nimevaa tai!

Kazi yetu ni kurusha mazishi kwenye intaneti, ili ndugu walioko Hamburg na Toronto walie pamoja na walioko Accra. Mashine zenyewe hatunazo ofisini, tunazikodi huko mawinguni. Kila kipande cha mfumo kimeandikwa kwenye kiolezo chake: ukikiwasha kiolezo, kinajenga chenyewe kila kilichoandikwa humo. Sulemana ana kiolezo cha matangazo ya moja kwa moja. Dzifa ana cha rambirambi. Mimi nina cha mtandao, yaani njia zote pamoja na lango la kutokea nje. Bila lango langu wote wako gizani. Nani analikumbuka hilo? Hakuna.

Dzifa kapendekeza eti tuwe na kiolezo mama kitakachowagawia wenzake mahitaji yao. Madam akaitikia kwa kichwa. Nikasimama nikasema ninayo njia bora zaidi. Sikuwa nayo. Sasa ninayo, imenijia nikila waakye, wali wetu wa kunde: nitavitangaza vitu vyangu vyote kwa majina, na anayevihitaji aviazime kwa kuyataja majina hayo kwenye kiolezo chake. Na kila jina litaanza na jina langu. Watanitaja wapende wasipende!

Jumanne, 4 Machi

Siku ya ushindi. Sulemana amekuwa wa kwanza kuazima. Hakunihoji hata kidogo, maana kichwa chake chote kiko kwenye mazishi ya Jumamosi ya Mama Efua Nkansah, aliyekuwa mwalimu mkuu Cape Coast. Nusu ya wanawake wa Ghana wamefundishwa na huyo mama, nao wote watatazama. Kisha wakaazima watu wa picha. Kisha wa matangazo ya vifo. Dzifa peke yake amekataa. Amesema, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, kwamba hapendi kitu chake kining'inie kwenye shati la mtu mwingine.

Shati! Shati langu nimelipiga pasi.

Nimelala nikijiona Kumasi, na dereva.

Jumatano, 5 Machi

Sina la kusema. Nitalisema hata hivyo.

Madam ameonyesha orodha ya majina yangu ukutani, ofisi nzima ikitazama, akauliza Fifi ni nani.

Mimi naitwa Fiifi! Fiifi Amissah! Nimeandika kwa haraka, herufi moja imedondoka, na sasa lango, njia na kila kitu vinaitwa Fifi. Na Fifi, ole wangu, ni kijibwa cha Auntie Adoley, mwenye nyumba wangu. Nilishawahi kumsimulia Sulemana habari za kijibwa hicho, namna kinavyokojolea viatu vyangu. Sulemana akawasimulia wote palepale. Yule wa mapokezi amecheka mpaka akahitaji maji.

Nikakimbilia kompyuta nirekebishe. Mfumo umekataa! Umeniandikia kwamba jina hili linaazimwa na kiolezo cha matangazo, kwa hiyo halibadilishwi wala halifutwi mpaka anayeazima aliachie. Nimejaribu la pili. Linaazimwa na watu wa picha. La tatu, vilevile. Vitu vyangu! Nimevijenga mimi kwa mikono yangu, na leo nabisha hodi kwangu mwenyewe nikiambiwa subiri, kuna wageni.

Alhamisi, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Nchi nzima iko huru isipokuwa mimi.

Nimeamka nikasikia Auntie Adoley uani akipiga kelele, "Fifi, mwizi wee, rudisha samaki!" Nikaitika. Kweli, niliitika.

Nimefanya kazi siku ya mapumziko, jambo ambalo Madam hatalijua wala kulishukuru. Nimetangaza majina mapya, sahihi, kando ya yale ya zamani. Kisha nikampigia simu kila mmoja ahamie kwenye majina mapya. Watu wa picha wako ufukweni wanakula kenkey. Wa matangazo ya vifo alinibwekea. Hau, hau, kisha akakata simu.

Sulemana peke yake alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Fiifi," akasema, "subiri Jumatatu. Mtoto wa marehemu yuko Hamburg, makaratasi yake hayajakamilika, akitoka haruhusiwi kurudi. Atamzika mama yake kupitia kwetu. Sigusi kitu sasa hivi, hata koma."

Nikamwambia ni jina tu. Akasema ndiyo, ni jina tu, kwa hiyo linaweza kusubiri. Huyu naye amejifunza wapi kunigeuzia maneno?

Ijumaa, 7 Machi

Mtu fulani amebandika picha ya kijibwa juu ya meza yangu. Kimevaa tai.

Dzifa alikuja akajitolea kunisaidia. Alieleza kwamba Jumatatu yeye na Sulemana wanaweza kuandika anwani halisi za vitu vyangu moja kwa moja ndani ya kiolezo cha matangazo, badala ya kuazima kwa jina. Hapo jina litakuwa halishikwi na mtu, mimi nitalisahihisha kwa raha zangu, nao wataazima upya. Alisema hata nusu saa haifiki.

Nimekataa. Mpinzani hakupi msaada, anakupa deni! Nikamshukuru kwa ubaridi. Akasema, "Haya kaka, ukibadili mawazo niko." Eti kaka! Ananibembeleza kama mgonjwa.

Na Madam atatangaza mkuu wa Kumasi Jumatatu hiyohiyo asubuhi. Mkuu anayeitwa Fifi? Haiwezekani. Jina lazima liwe limesahihishwa kabla.

Nimewaza sana. Mfumo unalinda majina tu. Haunizuii kuingia mwenyewe na kulibandua lango kwa mkono, bila kupitia kiolezo. Lango likibanduka, matangazo ya Sulemana yatazimika kidogo. Atahangaika. Atanipigia simu. Nitamwambia dawa ni moja tu: ahamie kwenye jina jipya. Atahama mbio, nami nitalibandika tena! Ibada inaanza saa tatu. Nikilibandua saa moja asubuhi, hakuna hata mtu mmoja atakayejua.

Jumamosi, 8 Machi

Familia ya Nkansah ilikuwa imeanza kuaga mwili tangu alfajiri. Hakuna aliyeniambia! Nimeuliza baadaye, nikaambiwa iliandikwa kwenye ratiba, ukurasa wa kwanza. Nani anasoma ratiba ya mazishi?

Nilibandua lango. Simu ikalia mara moja. Nikaipokea nikitabasamu, maneno yangu yakiwa tayari. Hakuwa Sulemana. Alikuwa mwanamume mzima mwenye sauti ya mafua. Akajitambulisha kuwa ni Nkansah wa Hamburg, namba yangu ameikuta kwenye tovuti.

"Kijana wangu," akasema, "walikuwa wanafunga jeneza. Mke wa kaka yangu alikuwa anamfunika uso. Kioo kimekuwa cheusi. Ni kwangu tu au ni kwa wote?"

Nikamwambia asubiri. Akasema yeye anaweza kusubiri, ila huko hawatamsubiri.

Nililirudisha lango. Halikushika. Nikalirudisha tena. Bado kiza. Sulemana alikuwa Cape Coast na kamera, akinipigia kwenye simu ya pili, akinisihi kwa majina yote ya Mungu anayoyajua. Ndipo nikafanya jambo ambalo sitalisahau wala kulisamehe: nikampigia Dzifa.

Naye alikuwa njiani kwenda msibani kwao, mji wa Ho. Akageuza gari. Aliingia kwangu na vitambaa vyekundu na vyeusi, kilemba kichwani, akanisogeza kwenye kiti kama mtu anavyosogeza paka. Akatazama skrini. Akauliza mbona lango nimelibandika kwenye mtandao wa majaribio. Nikasema huo ndio uliokuwa wa kwanza kwenye orodha. Akalibandua, akalibandika panapostahili, na picha ikarudi.

Walikuwa hawajafunga! Sulemana alikuwa amewaendea wazee akawaomba, naye mzee wa ukoo akaamuru wimbo uimbwe tena tangu ubeti wa kwanza, mpaka mtoto wa Hamburg aone. Umati wote wa wanafunzi wa zamani ukaimba ukingoja intaneti. Simuni nikamsikia Nkansah akilia. Akasema, "Mama, mimi hapa." Dzifa akageukia dirisha. Na mimi, siku hizi vumbi la upepo wa harmattan linaingia sana machoni.

Kisha Dzifa akaondoka. Amechelewa mazishi ya shangazi yake kwa sababu yangu, na hakusema hata neno moja. Hiyo ndiyo tabia yake ninayoilalamikia. Angenigombeza tu nikajitetea!

Jumatatu, 10 Machi

Nilitarajia kufukuzwa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Madam akasema angenifukuza kwa furaha, ila haiwezekani, kila mtu anaazima kwangu.

Nikaketi vizuri. Nilijua! Nikamkumbusha kuhusu Kumasi.

Akacheka, si kicheko kizuri. Akaeleza kwamba kwa sababu hiyohiyo siwezi kwenda Kumasi wala popote pale, mpaka nimfungue kila mtu aliyefungwa kwenye vitu vyangu, mmoja mmoja, kwa zamu, baada ya kumwomba radhi. Kiolezo mama kinajengwa. Mimi nitakuwa chini yake. Mkuu wa Kumasi ni Dzifa, maana kazi yake haijashikwa na yeyote, anaweza kuichukua na kuondoka nayo kesho.

Yaani mtu ambaye hakuna anayemhitaji ndiye anayepandishwa cheo! Nimeishi kuona haya.

Sulemana ameniletea kelewele, ndizi za kukaanga zenye pilipili, bila kunitazama usoni. Alisema Nkansah ametuma salamu za shukrani kwa wote, hata kwa kijana wa simu. Nikaisukuma sahani kando. Nadhani ni pilipili.

Jumapili, 16 Machi

Kazini ni kufungua tu, kufungua tu, na radhi juu ya radhi. Lakini leo kanisani roho yangu imepata pumziko.

Kwaya yetu iko ovyo. Sauti ya kwanza wana nakala zao za nyimbo, sauti ya pili zao, mpiga kinanda ana zake zilizoliwa na mende. Na Mzee Arkorful, mwenyekiti wa kwaya tangu mimi mtoto, anang'atuka Pasaka.

Nikasimama baada ya ibada, nikajitolea. Nimewaambia nitaziweka nyimbo zote mahali pamoja, kwenye mfumo nitakaoujenga mimi, na kila sauti itaazima kutoka kwangu. Wachome moto makaratasi yao ya zamani, hawatayahitaji kamwe. Mzee Arkorful amenibariki hadharani. Siku ya uchaguzi watamchagua nani mwingine, wakati bila mimi hawawezi kuimba hata Amina?

Sauti ya kwanza wamekubali. Mpiga kinanda amekubali. Besi tu ndio wagumu. Kiongozi wao, bwana mmoja fundi bomba, ameniuliza mbele za watu, siku wakitaka kujitoa watajitoaje.

Watu wa ajabu! Nani anauliza mlango wa kutokea kabla hajaingia? Nimewaandika kuwa wamekubali.