Goti Langu Kwenye Mguu wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Ukweli lazima uandikwe: tangu magoti yaanze kuumbwa, halijatokea kama langu la kulia. Limezuia mikwaju ambayo ukuta wa gereza ungeipisha. Mwezi uliopita kano yake ilichanika kidogo, nikiruka kishujaa. Mlingoti, kipa wa akiba, anatangaza kwamba niliteleza. Wivu tu!

Leo mama wa mazoezi ya viungo, pale kliniki, kanifunga mkanda wa kisasa. Kila nikikunja goti unahesabu, unapima linavyonyooka, unamtumia habari kwenye simu yake. Nikijituma, Jumamosi huenda akaniruhusu kudaka fainali. Nikizembea, kano haitapona, na madaktari watapitisha kamera kwenye tundu dogo waishone. Kamera! Ndani yangu mimi!

Nimekunja mara nne. Inauma. Nimelala.

Jumanne, 5 Machi

Kichwa hiki kingetakiwa kulindwa na askari. Shangazi, ninayeishi kwake, ni fundi wa nguo. Cherehani ya miguu. Kutwa goti juu, goti chini. Nimemfunga mkanda! Nikamwambia ni tiba mpya, maana magoti yanamtesa miaka mingi. Akanishika shavu, akaniita mwanangu, akasema kumbe na mimi nina utu.

Nilijisikia vibaya. Kidogo. Kisha nikala.

Jumatano, 6 Machi

Simu kutoka kliniki. Sifa tupu! Mama wa mazoezi kasema hajawahi kupata mgonjwa mwenye bidii kama mimi. Nikamwambia nimelelewa hivyo.

Ila Shangazi anawaonyesha wateja mkanda. Mmoja kaniuliza unauzwa wapi. Nikajifanya nimeitwa nje.

Alhamisi, 7 Machi

Simu tena. Sauti imebadilika. Goti langu, kasema, asubuhi ni gumu, halinyooki, linakwenda kama la mtu mzima sana. Anahofia gegedu limelika, ule mto unaozuia mifupa isisagane. Nikauliza tiba ipo? Ipo: mazoezi, vidonge, sindano ndani ya goti, na likichakaa kabisa wanaweka la bandia. La bandia! Nikajipapasa weee, mpaka nikakumbuka goti lenyewe si langu.

Jambo moja linanikereketa. Leo ilikuwa zamu ya Shangazi kuchomwa hiyo sindano kwa daktari wa viungo. Kaisubiri tangu mwaka jana. Hakwenda. Eti akapange foleni ya nini, na mkanda unamponya? Hata vidonge kaacha. Ningesema kweli angeuvua, na fainali ndiyo ile. Nikamwambia kaamua vizuri.

Sina usingizi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemvua Shangazi mkanda, nimeuvaa mwenyewe, nikaenda kukaguliwa. Mama wa mazoezi akaniamuru nichuchumae. Nikachuchumaa vizuri sana. Kuinuka ndiyo ikawa kazi. Nikashika meza, meza ikaja na mimi. Akalipima paja langu, akasema mtu aliyekunja goti kiasi kile hawezi kuwa na paja la kifaranga. Mkanda ulivaliwa na nani? Nikasema mimi, labda usingizini. Hakucheka. Kanianzishia mazoezi upya, na fainali kanifutia.

Jumamosi, 9 Machi

Mlingoti kadaka. Kazuia penalti. Ilimgonga tu, kila mtu aliona! Tungefungwa ningefurahi zaidi, lakini hata hilo halinisumbui.

Asubuhi Shangazi alishindwa kushuka kitandani. Goti limevimba, linang'aa. Magauni ya wateja yamelala juu ya cherehani. Nimekimbia kliniki kuomba miadi mingine; wamesema asubiri miezi. Nimerudi nimemkuta ameukunjua mguu, ananiomba nimfunge tena ule mkanda, labda jana niliuvua mapema.

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Goti lake ndilo lililoharibika kweli, si fainali, na mimi ndiye niliyeliharibu.

Nimemwambia mkanda umeishiwa chaji.